Nisitikisike Mbele ya Mashine

Jumapili, 9 Machi 2025
Jumatano naenda hospitali ya Mbarara. Naogopa! Jicho la kushoto limekuwa jeupe tupu. Daktari anasema ukungu umeziba, hajui kama nyuma yake kuna uhai. Ukiwepo, watanipasua. Usipokuwepo, basi, nishone nguo za wateja kwa la kulia peke yake.

Mama Orpa wa kikundi cha maombi ametangaza nifunge siku tatu, kavu, hata maji hapana. Nikasema amina. Ningesema nini?

Jumatano, 12 Machi
Fundi wa mashine ya kupiga picha ndani ya jicho anaitwa Mahadi, kijana wa mtaa wa Nyamityobora, mpole. Alinionyesha kwanza kwa nailoni nyeupe yenye herufi nyuma yake. Kwa tochi, weupe tu. Kwa mashine — herufi hiyo hapo! Anasema mwanga ukiingia kwenye ukungu unatawanyika hovyo. Mashine inajifunza ukungu wangu unautawanyaje, kisha inaupanga mwanga kabla haujaingia, ili nyuma ufike sawasawa. Sharti nitulie. Nikisogea, inaanza upya.

Na mimi natetemeka! Siku tatu bila kitu tumboni. Kidevu kwenye kibao, meno yanagongana. Tumejaribu mara nane. Picha hakuna.

Akauliza kama nimekula. Nikamwambia ukweli.

"Hata mimi nimefunga, mama, ni Ramadhani. Lakini mimi nabonyeza tu. Wewe kula, kuja Jumanne. Jumatano hii mashine naenda hospitali ingine."

Alhamisi, 13 Machi
Mama Orpa hataki kusikia. "Ile kutetemeka ni Roho iko anatumika ndani yako! Weye unaogopa mashini kuliko Mungu? Tunaongeza siku ingine tatu, Jumapili mpaka ile Jumanne." Mbele ya kikundi kizima. Nimwogope nani — Mungu, Mama Orpa, au giza?

Jumanne, 18 Machi
Asubuhi nilifunga mlango kwa komeo, nikapika uji. Nikala na mihogo. Nililia huku natafuna. Mungu anisamehe!

Saa tano, Mbarara. Nilitulia. Picha ikatoka! Mahadi akapiga makofi — mishipa yote inaonekana, nyuma ya ukungu kuna uhai. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia.

Kisha akasema apige na la kulia, lile zima, alinganishe. Akapiga. Akamwita daktari. Daktari naye akapiga tena, mara mbili. Akauliza kama siku hizi najigonga milangoni. Nikasema milango ya kambini kwetu Nakivale ni myembamba, kila mtu anajigonga. Hakucheka.

Wamenitoa nje, nimekaa kwenye benchi. Mlango wameufunga. Wanaongea Kinyankore, haraka haraka, sielewi hata neno. Naandika nikiwasubiri.

Nimejaribu sasa hivi. Natazama katikati ya ukurasa kwa hili la kulia, kichwa sigeuzi. Mwanzo wa mstari siuoni. Mwisho wake pia siuoni. Kumbe hata hili zima linaziba pembeni. Tangu lini?