Nundu Kwenye Mfupa

Alhamisi, Igurusi. Jua kali tangu asubuhi, upepo na vumbi lake, na mimi nacheka peke yangu.

Juzi niliwaambia watoto wangu wa darasa la pili kila mmoja aje na mfupa kutoka kwao, tujifunze jinsi mwili unavyosimama. Mimi mtu wa Iringa mjini nilifikiria vifupa vya kuku. Nilisahau kabisa kwamba nusu ya darasa ni watoto wa wafugaji. Leo zimekuja mbavu ndefu kama miwa, taya lenye meno yote, na mbwa wanne wakifuata nyuma. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akauliza, "Madamu, umefungua bucha?"

Somo lilinoga, lakini. Tulipapasa mbavu zetu, tukatafuta mifupa ya magoti, tukatekenyana.

Aliyekuwa ananiumiza kichwa ni Tumaini. Alivunjika mkono wa kulia. Plasta ilitolewa wiki mbili zilizopita na hospitali walisema umepona, ila hajaandika hata herufi moja. Mkono ameukumbatia tu kifuani.

Minza, binti wa Kisukuma anayekaa naye dawati moja, alileta mfupa wa mguu wa ng'ombe wenye nundu katikati. Nikamuuliza hiyo nundu ni ya nini.

"Maksai wetu, madamu. Alivunjika akiwa ndama, baba akamfunga vijiti. Amelima mpaka kazeeka, ndo tukamla."

Darasa zima likacheka. Tumaini hakucheka. Aliupapasa ule mfupa, kisha akapandisha mkono wa sweta na kupapasa kivimbe pale alipovunjika.

"Hapa hapavunjiki tena?"

"Hapo ndo pagumu," Minza akamjibu, kama mtu mzima.

Kumbe kile kivimbe ndicho kilichomtisha. Aliamini akikandamiza penseli mkono utakatikia palepale.

Akachukua penseli. Jina lake lilijaza nusu ukurasa, herufi zimelala ovyo. Nikatoka nje kujifanya nafukuza mbwa, nikafuta machozi.

Kuna jambo nilitaka kulificha hata humu daftarini. Jumatatu nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Sikumuuliza anaogopa nini.

Kesho nitamwomba radhi, mbele ya haohao. Mtoto wa miaka minane, na mimi namwogopa tangu sasa.

Yeye ameandika na hofu yake. Mimi nitashindwaje kusema?