Supu Aliyokuachia Mama Yako

Mbalizi, wakati wa baridi

Kwa mjukuu wangu Felista, huko kwetu Iringa,

Wewe mtoto, miguu bado unayo? Au ulipoolewa walikukata wakakuachia mikono ya kuandikia tu? Tangu tumzike mama yako hujakanyaga Mbalizi. Mahindi tumevuna, tumepanda, tumevuna tena, na kila basi likisimama barabarani nanyoosha shingo kama kuku aliyeona mwewe. Basi, nimekusema, nimemaliza. Kamwene, mwana. Hujambo? Tumbo linaendeleaje? Na Leonardi, mume wetu, anakupasulia kuni au anakuangalia tu? Mimi mzima, ila magoti yananigomea asubuhi, na baridi ya huku unaijua, ukungu unaingia mpaka ndani ya chungu.

Anayeandika ni Mama Sekela, jirani yangu, mke wa mzee wa kanisa. Mimi kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Barua yako alinisomea yeye, hapa jikoni. Alipofika pale unaposema kila jioni unasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa, na ukitoka nje hakuna aliyewasha moto, si kwako wala kwa majirani, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

"Bibi, maneno hayabadiliki."

"Soma."

Unaniuliza kama ni mama yako, na kama amekuja kukuchukua wewe na mtoto. Unasema mama mkwe wako ameshaongea na mganga aje kufukiza nyumba ili anayekuja afukuzwe. Felista, nisikilize. Mganga huyo asikanyage hapo. Nitakuambia kwa nini, na usianze kuogopa kabla sijamaliza.

Siku zile za mwisho kifua kilikuwa kimembana mama yako, chakula hakipiti. Nilimpikia supu ya kuku, akageuza uso ukutani. Nikampikia ya kongoro, nimechemsha tangu asubuhi mpaka nyama ikaachia mifupa, akaonja kwa heshima yangu tu. Kisha akasema, "Mama, nipikie ile ya vitunguu." Ile niliyokuwa nawapikia mkitoka shamba mmelowa mvua, mnagombania bakuli moja na mabakuli yapo. Nikapika. Akanywa nusu. Akalishika bakuli kwa mikono yote miwili, akasema, "Hii iliyobaki ni ya Felista. Yuko njiani, atafika ana baridi." Nikaifunika kwa sahani. Hakuomba kitu kingine tena.

Unajua desturi yetu. Chakula alichokitenga mtu anayeaga, aliyetengewa ndiye anayekila, hata kama kimechacha, hata kuchovya kidole tu. Lakini msiba uliingia, wanawake wakajaa jikoni, wema wao mwingi, wakaosha kila chombo walichokiona. Nilipokumbuka, bakuli lilikuwa limefudikizwa juu ya uchanja, linang'aa. Nawe ukafika tumeshazika. Ukakaa kwenye mkeka, ukakataa kila ulicholetewa, ukarudi Iringa na tumbo tupu.

Tangu hapo, jioni nikikaanga vitunguu, nasikia miguu mlangoni. Unakumbuka mama yako alivyokuwa anapangusa miguu kwenye lile gunia kabla ya kuingia jikoni? Kulia, kushoto, halafu kulia tena kwa nguvu kama ana ugomvi nalo. Hivyo hivyo. Nasema, "Ingia, Yustina." Haingii. Asubuhi naligusa gunia, lina unyevu, na mvua hakuna.

Mama Sekela ameweka kalamu chini sasa hivi.

"Bibi, hili la gunia nisiliandike. Baba Sekela akijua nitamwambia nini?"

"Mwambie uliandika ulichoambiwa."

"Ni umande tu ule."

"Umande unapangusa miguu?"

Ameandika. Kalamu anaikimbiza, ndiyo maana herufi zimelala.

Nilidhani anataka supu. Nikawa namwekea bakuli pale mlangoni, asubuhi nalikuta vile vile, mafuta yameganda juu. Na mjomba wako alipotaka nirudi nyumbani Iringa, nilikataa kwa sababu hiyo, sikumwambia mtu. Ningemwachaje mwanangu amesimama mlangoni, na jikoni hakuna wa kumwambia ingia?

Halafu baridi ilipoanza mwaka huu, miguu ikanyamaza. Nakaanga, nasikiliza, kimya. Gunia kavu. Nililia, Felista, kuliko siku ya mazishi. Vitunguu nikaacha kupika, nikawa nakula ugali kwa maziwa ya mgando, nalala mapema kama kuku. Ndipo ikaja barua yako.

Hakuja kukuchukua. Angetaka kuchukua mtu angenichukua mimi, niliye karibu na niliyechoka. Amekungoja hapa hukuja, amesikia una mimba, amekufuata na bakuli lake. Ukimfukuza kwa moshi ataenda wapi? Kwangu hayupo, kwako umemfungia. Mwambie mama mkwe wako, kwa adabu, kwamba bibi yako amekataa. Akinuna, anune.

Wewe pika. Chukua vitunguu vingi kuliko unavyodhani vinatosha, kata vyembamba, na ukitaka kulia lia, hakuna atakayekuuliza. Weka samli chunguni, kisha toa kuni moja, moto uwe mdogo. Usivikimbize. Vitalegea, vitakuwa rangi ya asali, halafu vitaanza kuwa vyekundu kama udongo wa kwetu. Hapo watu wanaogopa, wanamwaga maji. Wewe ngoja kidogo. Kisha mimina maji ya mifupa, tia chumvi. Kiporo cha ugali kikaushe juu ya makaa mpaka kipige kelele ukikigonga, ukitumbukize.

Pika jioni, harufu ile inapokuja, mlango ukiwa wazi. Nusu ya kwanza ni yako. Nusu ya pili ndiyo ile. Usibakize, wala usimwonjeshe Leonardi hata akikulegezea macho. Ukimaliza fudikiza bakuli, useme, "Mama, nimefika. Nimeshiba." Baada ya hapo siwezi kukuahidi kitu. Harufu ikiisha, amepumzika. Isipoisha, mzoee, ni mama yako huyo. Na nikuambie ukweli, ikiisha sijui mimi jioni zangu nitazifanyaje. Lakini kula.

Nisalimie mama mkwe wako, hata kama amenuna. Nisalimie mjomba wako, mwambie aache kuning'ang'aniza, nikitaka kurudi nitarudi. Na yule bibi kizee wa nyuma ya kanisa niliyecheza naye utotoni, kama bado anapumua, mwambie nami bado. Alama hiyo ya bluu hapa chini ni dole gumba langu, usidhani ni uchafu. Ni mimi, niliyemzaa aliyekuzaa.

Mama Sekela alishakunja karatasi, nimemwambia aikunjue.

Ukishajifungua na kupata nguvu, uje. Usipite mlango wa mbele, huo ni wa wageni, pita jikoni. Gunia lipo pale pale. Mtoto akiwa wa kiume, piga kelele tangu kwenye migomba, "Bibi, ni Felista!", ili nikisikia miguu nisimwite mwingine. Akiwa wa kike, mpe jina la mama yako, na ukifika usiseme kitu. Pangusa miguu kama alivyokuwa anapangusa yeye. Ngoja niseme, "Ingia, Yustina." Halafu uingie naye.