Rakaa Nne za Magharibi

Mama Nuru mushauri, salamu kwako na kwa wote wenye kusikiliza redio. Nisaidie mbele ya Ijumaa ifike, maana Ijumaa natakiwa kutia sinyatiri, sahihi yangu, kwenye karatasi moja na mukono wangu unakataa.

Mimi ni mutu wa Kasongo, miaka hamsini na mbili, nilianza na velo moja, baiskeli tu, nikisukuma chumvi mpaka Kabambare, hakuna aliyenisaidia, leo niko na moto sita, pikipiki za abiria, barabarani, na mwaka jana wakanichagua prezida wa komite ya musikiti wetu, nikatengeneza paa lake lililokuwa linavuja. Tangu hapo jina langu limekufa, hata bibi yangu wa nyumbani, Hidaya, ananiita Prezida, nikifika watu wanasimama, nikikawia wanangoja, niko na mukeka wangu peke yangu safu ya kwanza, na zamani nilikuwa naswali nyuma kabisa karibu na viatu, vumbi ya njia miguuni, machozi yananitoka, sasa nikisujudu nafikiria nani ameniona, na alfajiri ambayo sikuikosa miaka kumi na tisa, mwezi uliopita nimehesabu, nimeikosa mara kumi na moja, na hakuna hata mutu mmoja aliyeniuliza ulikuwa wapi.

Basi imamu wetu akashikwa na malaria, wakanisukuma mbele niswalishe magharibi, wanaume arubaini na mbili nyuma yangu, wanawake tisa nyuma ya pazia. Magharibi ni rakaa tatu, mutoto wa miaka saba anajua. Mimi kisha ya tatu nikasimama. Wanaume wote wakasimama na mimi, kimya. Ni Mama Chadia tu, muuza samaki wa kutoka Nyangwe, aliyepiga mikono kule paziani, vile wanawake wanafanya kumukumbusha imamu akikosa. Akapiga tena, na tena, nami nikasema moyoni, huyu anifundishe hesabu mimi? Nikaendelea mpaka ya nne.

Tulipotoka nikamuuliza sekretere wetu Bulaimu. Akasema, "Tulihesabu tatu, Prezida. Lakini tulijua uko na sababu yako."

Mama Chadia alikuwa anavaa viatu. Akasema mbele ya wote, "Djafari mwanangu, samaki yangu unaihesabu mara mbili. Sala ya Mungu, hata mara moja?"

Watu wakacheka. Komite imekasirika kwa ajili yangu, imeandika kwamba wanawake waswalie nje, uani, heshima ya prezida ilindwe. Imebaki sinyatiri yangu. Alinikosea, sivyo? Nitie? Ama niache uprezida kabisa?

Djafari, Kasongo

Djafari (Prezida umeshaitwa vya kutosha),

Nimecheka mpaka fundi wetu amefunga mikro. Usikasirike. Kutoka velo moja mpaka hapo kunachosha, najua, na heshima ni tamu kwa mutu aliyeikosa miaka mingi. Lakini tazama heshima yako: watu arubaini na mbili wanajua kuhesabu mpaka tatu, na wote wamekubali kuharibu sala yao kuliko kukuambia Subhanallah, vile wanaume wanamukumbusha imamu. Kasongo nzima imebaki na mutu mumoja anayekuona bado kama mutu mwenye kuswali, na huyo ndiye unataka kumutoa nje anyeshewe na mvua.

Kusahau si kosa lako peke yako, sisi wote tunasahau. Kosa lako ni kusikia mikono ikipigwa ukauliza nani anapiga, usiulize kwa nini.

Uprezida usiache. Paa lile lilikuwa linavuja, wewe ndiye umelitengeneza, endelea. Ukitoka na kiburi chako utaenda kumuswalisha Hidaya rakaa tano.

Ile sala irudiwe ama isirudiwe, muulize imamu akipona, mimi si sheikh. Karatasi, pasua leo. Ijumaa simama useme kwa mudomo wako: nilikosa, nilikumbushwa, nikakataa, na atakayeniona nakosa tena anikumbushe. Ule mukeka wako upeleke nyuma ya pazia, magoti ya Mama Chadia yameushangilia tayari. Wewe rudi karibu na viatu, ndipo ulipoacha machozi yako. Na Hidaya akuite Djafari, akuamushe alfajiri. Ukijifanya husikii, apige mikono.

Na wewe Mama Chadia, najua redio yako iko inalia hapo katikati ya samaki. Imamu bado mugonjwa. Leo magharibi, mikono iwe tayari.