Mke Wangu Amehamia Kwenye Kichaka cha Tetere

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya wageni, maana mimi si mtu wa kuandikia safu za ushauri, mimi ni mtu wa kuandikwa, na kama unalisoma gazeti hili unaloliandikia basi umeshaiona picha ya kazi yangu, lile tundu kubwa la ndege kwenye bustani ya wanyama ambalo watu wanaingia na kutembea humo ndani kwa miguu yao, ndege wa kila aina wakiruka juu ya vichwa vyao, hakuna nondo wala kioo katikati. Nililisanifu mimi.

Kuwaweka ndege tofauti pamoja si mchezo, mshauri, watu wanadhani unafungua makasha na kumwaga ndege kama unamwaga mchele sufuriani, kumbe ukikosea kidogo asubuhi unaokota manyoya. Hondohondo ana mdomo kama panga na roho ya mwenye nyumba, tetere, njiwa mdogo wa porini, ni mpole, akifukuzwa kwenye chakula mara mbili harudi tena, anakonda kimyakimya mpaka anakufa, na watu wanasema hawajui alikuwa na ugonjwa gani. Mkurugenzi wetu alitaka meza moja ya chakula pale karibu na daraja wanalopita wageni ili wapige picha ndege wote wakila pamoja kama familia, nikamkatalia mbele ya kikao kizima, nikamwambia meza moja ni meza ya hondohondo, wenzake watakula kwa macho. Nikatawanya meza ndogondogo, nyingine juu nyingine chini, nikapanda vichaka vinene ambamo mdogo anaweza kukaa asionwe na mkubwa, na kila kona nikaipa njia mbili za kutokea, kwa sababu ndege akibanwa kwenye kona yenye njia moja huyo mhesabu amekufa. Tena wapole niliwaingiza kwanza, wakazoea, wakajua matawi yao, ndipo wababe wakafuata na kujikuta wao ndio wageni. Mpaka leo hajafa hata mmoja kwa kudonolewa. Sisemi haya kwa kujisifu.

Tatizo ni mke wangu.

Nyumbani tunaishi vizuri kabisa, nyumba nimeichora mwenyewe, ya kisasa, jiko na meza ya kulia na sebule vyote ni ukumbi mmoja usio na ukuta, maana watu wa nyumba moja hawafichani. Naishi na mama yangu mzazi na dada yangu mkubwa aliyerudi ndoa yake ilipovunjika, na wote wawili walikuwemo kabla sijaoa, kwa hiyo mke wangu hakupata taabu ya kuanza maisha, alikuta kila kitu kimepangwa. Yeye ni fundi cherehani. Chumba nilichomwahidi cha kushonea kina masanduku ya dada, basi cherehani iko ukumbini kwa muda tu, na muda wenyewe ni tangu harusi. Dada anapenda kukaa kwenye kigoda pale jikoni kumwelekeza wifi yake, chumvi ikizidi anasema, ikipungua anasema, ni mtu wa msaada sana. Mlango wa chumba chetu nao niliung'oa nikatundika pazia, baada ya mama kusema mkamwana anayefunga mlango mchana ana la kuficha. Mke wangu hakulalamika. Aliwahi kuniuliza mara moja tu mlango nimeuweka wapi, nikamwambia uko nyuma ya tangi la maji, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa juzijuzi nilikuwa nakagua viota vya mnana mle tunduni, nikaona kimoja kimesukwa kwa uzi mwekundu, cha pili kina uzi wa bluu, nikawaka, kwa sababu uzi unanasa miguu ya ndege na unaweza kuikata, nikawafokea mafundi wa wavu kwamba wanaacha uchafu. Mama Mtama, mtunza ndege wetu mkuu, tunamwita hivyo kwa sababu mifuko yake haikosi mtama, akanivuta pembeni.

"Usiwaonee mafundi," akasema. "Uzi ni wa shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Una wake wangapi? Yuko kule kwenye kichaka cha tetere. Anakata tiketi kila siku, anakaa pale mpaka tunafunga. Sisi tulidhani unajua."

Nikaenda. Nikamkuta amekaa kwenye gogo nililoliweka ili tetere wajifiche nyuma yake, anapinda gauni la mteja kwa mkono, na tetere mmoja amelala karibu na kiatu chake. Nikamuuliza anafanya nini pale, akasema anashona. Nikamuuliza kwa nini asishonee nyumbani, akaniuliza, "Nyumbani nishonee wapi?" Kisha akanionyesha kijia cha nyuma ya kichaka, akataka kujua kama nacho kinatokea upande wa pili. Nikamweleza kwamba ndiyo, kila kona ina njia mbili. Akatazama huku na huku, akasema, "Umewafikiria sana." Nikamshukuru, maana ni mara chache anasifia kazi yangu.

Lakini hajaacha kuja. Mama anasema mwanamke anayelipa kiingilio ili akakae na ndege ana lake jambo, dada anasema ni jeuri tu. Mimi sioni jeuri, kwanza kazi zake naona zinamwendea vizuri, mfuko wake wa kushonea umekuwa mkubwa, asubuhi anatoka nao umejaa na jioni anarudi nao mtupu, na hata kabatini nguo zake zimepungua, nadhani anawauzia wateja. Ila wiki ijayo wanakuja wasanifu wenzangu wa bustani nyingine kulikagua tundu langu, na siwezi kupita na wageni halafu kichakani atokee mke wangu na sindano mdomoni. Nimfukuze vipi kwa heshima? Nitumie kanuni ya bustani inayokataza nyuzi tunduni, au nimwambie tu mkata tiketi pale mlangoni amkatalie?

Wako,
Msanifu wa Tundu Kubwa

MSHAURI ANAJIBU

Bwana msanifu, hongera. Nimekuwa nikisoma barua za waume kwa miaka mingi, na wengi hunitaka niwatafutie ugonjwa wa ndoa zao. Wewe umeniletea ugonjwa, dawa na maelezo ya kuitumia, halafu unaniuliza namna ya kumfukuza mgonjwa.

Hilo la nyuzi una haki nalo. Mwombe akusanye vipande vyake kwenye kikopo, mnana watafute majani kama wenzao. Haki yako imeishia hapo.

Sasa nenda kaisome tena barua yako, na safari hii uisome kama mkaguzi. Unasema meza moja ni meza ya hondohondo. Jikoni kwako kuna meza ngapi? Unasema kila mdogo anahitaji pa kukaa asionwe na mkubwa. Wewe mkeo ulimpa pazia, tena baada ya kumnyang'anya mlango. Unasema wapole waingizwe kwanza. Yeye ulimwingiza wa mwisho, akakuta kila tawi lina mwenyewe, ukaita hiyo ni kumpunguzia taabu! Mkurugenzi ulimkatalia mbele ya kikao kizima kwa ajili ya njiwa wa porini, lakini kwa mama yako hujawahi kupinga hata pazia. Kinyozi hajinyoi, tunajua, ila kinyozi angalau anajua nywele zake zimeota.

Halafu mwenzio anakwambia "umewafikiria sana," nawe unamshukuru! Mwanangu, hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Hakuwa anakusifia. Alikuwa amekaa mahali pekee ulipowahi kujenga kwa ajili ya mtu wa aina yake, na amegundua kwamba ili apate pa kukaa katika kazi za mume wake inabidi akate tiketi.

Na huo mfuko. Biashara inakwenda vizuri, ati! Fundi cherehani huchukua kitambaa kwa mteja na kumrudishia nguo, hauzi magauni yake ya kuvaa. Mfuko unaotoka umejaa na kurudi mtupu, na kabati linalokonda, hiyo ni safari. Mkeo anahama. Anahama kidogo kidogo, gauni moja moja, ili wenye matawi wasishtuke na wewe usisumbuke na ugomvi kabla ya wageni wako. Umesema mwenyewe tetere hafi kwa kelele. Mimi ningekuwa wewe, nisingesubiri mpaka kabati libaki na hanga tupu.

Usidhani nawatukana mama na dada yako. Wewe ndiye uliyewafananisha na hondohondo, bila kujua. Lakini hondohondo hana ubaya, ulimpa sehemu moja ya kula naye akailinda. Dada yako ameumizwa huko alikotoka, amerudi na masanduku na kigoda kimoja, sasa ameking'ang'ania kigoda. Mama yako amezoea kuamua kwa sababu hakuna mwingine anayeamua. Kosa halimo kwenye midomo yao, limo kwenye mchoro, na mchoro una sahihi yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla hujavua hata viatu vya kazi, nenda nyuma ya tangi la maji, utoe ule mlango, uufute, uurudishe kwenye bawaba zake wewe mwenyewe. Mama atauliza. Mwambie kwa adabu, "Mama, mlango ni wa chumba changu, na pazia nimelichoka." Atanuna. Anune. Mkurugenzi wako naye alinuna na bado analipa mshahara. Masanduku ya dada yahamie chumbani kwa dada, hata kama atalala amekumbatiana nayo, na cherehani iingie pale ulipoahidi. Kisha umjengee mama na dada jiko lao dogo la nje, zuri, lenye kivuli, ili dada apate kuonja chumvi ya mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo meza ya pili. Wewe unayajua haya kuliko mimi, tena unalipwa kwa kuyajua.

Mkata tiketi mwache na kazi yake. Ukishaurudisha mlango wa chumba, nenda ukakate tiketi kama watu wengine, usipite mlango wa wafanyakazi. Subiri kati ya ile milango miwili ya kuingilia tunduni mpaka wa kwanza ufungwe ndege wasitoroke, kama unavyowalazimisha wageni wengine. Nenda mpaka kwenye gogo, ukae, na usimuulize anahamia wapi wala usimweleze umefanya nini na nini, maana utaharibu kwa maneno. Mpe ufunguo wa mlango wa chumba mkononi. Uwe ni huo mmoja. Wa pili usichonge, wala mama asiguswe na wazo la kuchonga.

Na wageni wako wakimkuta pale, simama naye mbele yao, useme huyu ndiye aliyelikagua tundu langu kabla yenu, na ndiye pekee aliyejua nilipokosea.

Akiupokea ufunguo akaendelea kushona, nawe kaa hapohapo, hata tetere wakikurukia kichwani. Akikuuliza nyumbani umemwekea njia ngapi za kutokea, usijibu kama msanifu. Ya kutokea ameshaitafuta mwenyewe, na anapitishia humo nguo zake moja moja. Mwambie umekuja kumwonyesha ya kurudia.