Wifi, Uliipasua Pilipili

Wifi yangu uliye Muyinga,

Nakuandikia na hasira, sitakuficha. Nilisali siku tisa ili nikusamehe. Ya kumi mama yako akapiga simu, hasira ikarudi yote.

Unakumbuka ulipoolewa huko? Mi nililia kuliko hata mama yako. Tumepika jiko moja tangu tuko Tanzania, kabla ya kurudi Burundi, nguo tunaazimana. Ndiyo maana inaniuma.

Daktari alituambia wote wawili, tumekaa benchi moja: mama ana vidonda vya tumbo, pilipili basi. Ukarudi zako Muyinga. Nani alibaki na mama mkwe wake hapa Gitega, mama akisukuma sahani? "We mukazana, mi niko mfungwa? Iko wapi pilipili?" Mwezi mzima nimehangaika. Mwishowe nikachoma hoho nyekundu, zile zisizowasha, kwenye makaa mpaka ganda likawa jeusi, nikamenya, nikatwanga na kitunguu saumu na majani ya sereri, nikaungia maharage kwa mawese. Juu nikalaza pilipili moja nzima na kikonyo chake, iachie harufu tu, nikaitoa haijapasuka. Siku hiyo mama alifuta sahani kwa ugali. Akaniita mwanangu, si mukazana.

Kisha ukaja wewe. Ukafunua chungu kabla sijaitoa pilipili.

"Kumbe pilipili unayo, unamnyima mama!"

Nikasema, wifi, hiyo ni ya harufu, iache. Ukaibonyeza kwa mwiko huku unanitazama usoni, ikapasuka, mbegu zikatawanyika chungu kizima. "Sasa ndiyo chakula," ukacheka. Mama alikula kwa furaha, maskini. Siku tatu akalala amejikunja, uji tu. Na wewe ukawaambia watu kanisani, tena baada ya misa, kwamba mi namlisha mama yako kama mtoto mchanga. Ukampakia kwenye gari, ukaondoka naye.

Jana aliniambia kwenye simu, kwa sauti ndogo: "Mukazana, huku kila kitu inawasha."

Ungeniuliza tu jinsi ya kuchoma hoho, wifi. Ningekufundisha hata kwa simu, tungecheka. Hukuuliza.

Jumamosi nakuja na gari la asubuhi kumchukua. Kaka yako amekubali. Mfungashie nguo zake na dawa zake, kama bado unazo. Usinipikie. Nimemwomba Mungu nisikutukane mlangoni. Kwa hilo bado hajanijibu.

Mpaka Jumamosi, mpe uji,

Mke wa kaka yako