Mkono Unatulia Nikishika Panga

Kaka Yohana,

Huku Gungu mvua haikatiki. Kaburi lako limetitia mara mbili, na mara zote nimelijaza mimi, udongo ukimwagika njiani kwa jinsi mkono wa kulia unavyotetemeka. Si baridi, Kaka. Kutetemeka kulipoanza kwenye kidole gumba ulikuwa bado hai, ukaniambia, "Uchovu tu huo, utaisha." Haukuisha. Sasa bega linauma, mgongo unauma, na asubuhi za unyevunyevu kama hizi naamka nimekakamaa. Mama Neema ndiye anayenivalisha shati.

Daktari wa mjini alisema ugonjwa huu hauponi, unatulizwa. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia nakwea michikichi, akaacha kuandika. "Mzee, usipande tena."

Sikumwambia jambo moja. Mkono huu unatetemeka ukikaa bure. Nikishika panga, unatulia. Unatulia kabisa, kama wa kijana. Ndiyo maana niliuamini.

Juzi mvua ilipopumzika nilichukua kamba yako ya kukwelea, nikaenda kwenye mchikichi ule uliokuangusha. Mikungu imeiva hadi chikichi zinapukutika, debe la mawese nyumbani ni tupu, na hakuna anayekubali kuupanda. Mama Neema alinifuata hadi chini ya mti. Hakulia. Alisema tu, "Kanga niliyomfunika shemeji iko kabatini. Usinifanye niitoe."

Nikapanda.

Mkono haukunisaliti. Ni miguu. Karibu na makuti iligoma, kana kwamba imepigiliwa misumari kwenye shina. Wingu lilikuwa limelifunika ziwa lote, likaja upande wetu, matone ya kwanza yakalowesha shina. Nikatazama chini, pale ulipoangukia. Kaka, nilijua ulichokiona mwisho.

Nestori, yule jirani yetu Mrundi, ndiye aliyepanda kunifuata. Alishika visigino vyangu akawa anavishusha kimoja kimoja, "Buhoro, buhoro," polepole, kama anayembembeleza mtoto. Tulipogusa ardhi, radi ikapiga bondeni. Mama Neema akachukua panga langu akaikatakata ile kamba.

Sasa nashinda barazani. Utaona herufi zinavyozidi kuwa ndogo. Sizifanyi mimi, kalamu inazipunguza yenyewe. Na liko ambalo Mama Neema hajalijua: tangu jana, mkono wa kushoto nao umeanza.

Sijui masika haya yataniacha na kiungo kipi. Usiku kuti likianguka kule kwenye mti wako nashtuka, nadhani ni mtu.

Lala, Kaka. Nitakuja, hilo halina ubishi, na kwa mwendo wangu huu nitachelewa. Unisubiri. Ila nakuahidi, sitakuja kwa kuanguka.

Mdogo wako,
Baba Neema