Linki za Nyimbo Zako, Kemunto

Kemunto dada,

Bwakire. Najua ungeanza kwa kuuliza mvua, basi nianze nayo. Imenyesha Keroka wiki nzima, mbele ya duka ni tope tupu, na wateja wanaliingiza hadi chini ya mashine ya fotokopi. Nimepiga kelele mpaka nimechoka. Majani chai ya mama yako kule Sironga yamechipuka vizuri, ndizi ziko. Sisi pia tuko, ila tuko bila wewe, na hilo bado sijajua linaandikwaje.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuandikiana dukani, maana Kigusii changu cha kuandika ulikuwa unakicheka mpaka unashika tumbo. Saiba yetu, duka letu la kompyuta, bado iko wazi. Mimi bado ni yule wa kuchapa, kupiga picha za pasipoti na kugombana na watu. Kazi yako ya kuzielewa hizi kompyuta zenyewe haijapata mtu. Mashine ikikwama, mteja ananiangalia mimi, nami naangalia kiti chako. Aki wewe, uliondoka vibaya. Malaria gani hiyo inayochukua mtu mwenye afya namna ile?

Sasa sikia kilichotokea.

Baada ya mazishi nilikaa na mama yako siku kadhaa. Watu walimletea picha zako, kubwa, za fremu, mpaka ukuta ukajaa. Alizishukuru zote. Halafu miezi mingi baadaye, siku moja tukichambua mboga za chinsaga, akaniuliza, "Picha ninazo. Sauti ya mtoto wangu iko wapi?" Nikamwambia ipo, mama, si zile nyimbo za kwaya? Nilijibu haraka hivyo kwa sababu niliamini ni kitu cha kubonyeza tu.

Nyimbo zenyewe unazijua, lakini wacha nizitaje, nafsi yangu itulie. Kwaya yetu nusu iko Nairobi, wengine Eldoret, wengine Mombasa, na tunaonana wakati wa makambi ya kanisa tu. Kwaya nyingine zingeshindwa. Wewe ulikaa nyumbani kwenu Sironga na simu yako, ukaimba sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, tena, halafu besi uliyoiimba kwa koo la kuazima, ukaziweka mtandaoni kwenye akaunti yako na kututumia linki kwa barua pepe. Kila mtu akajifunza sauti yake akiwa jikoni kwake. Tukifika makambi tunasimama mbele ya watu na kuimba kama tuliolala nyumba moja. Mzee Ondieki wa besi alikuwa akiambia wageni ati ni Roho. Nami nilikuwa nikimwambia, ni Roho na Kemunto.

Lakini hakuna aliyezihifadhi, dada. Hata mmoja! Tulibonyeza, tukasikiliza, tukaenda zetu, kwa kuwa kesho zingekuwepo na wewe ungekuwepo.

Basi ikaingia barua pepe ya kampuni ya akaunti yako kwenye anwani ya duka, ile uliyoiandika kama anwani yako ya pili. Inasema akaunti ya Kemunto haijafunguliwa kwa muda mrefu, itafutwa na vyote vilivyomo mwisho wa mwezi. Nilisoma nikaketi. Nikajaribu kubadilisha paswadi, ikasema itatuma namba kwenye simu yako. Simu yako! Laini ilishafungwa ikapewa mtu mwingine. Nilipiga, akapokea mwanamume wa sauti nzito, mpole, akasema pole mama, umekosea namba. Nilikata nikalia mbele ya mteja aliyekuja kuskani kitambulisho.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Mwenye linki aliweza kuufungua wimbo bila paswadi. Na linki zote zilikuwa kwenye barua zako, ndani ya sanduku langu.

Nikaanza kwa mkono. Wacha nikwambie ukweli, wewe mwanamke ulikuwa unaandika! Barua ya kutuma wimbo mmoja inaanza na hali ya hewa, inapita kwa wagonjwa, inampongeza aliyejifungua, inamkumbusha Ondieki asiburute mwisho wa ubeti, na linki iko huko chini kabisa. Nilikuwa nafungua barua kutafuta linki, najikuta nasoma, nasahau kazi, jioni inafika. Na mwezi ulikuwa unakwenda.

Ndipo nikakumbuka kile chombo chako cha dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandika amri.

Unamkumbuka yule mama wa Nyamarambe, aliyekuja na barua za ufadhili wa masomo ya binti yake? Zilikuwa zimepambwa, zina nembo, zimeandikwa "bonyeza hapa". Alikuwa na furaha mpaka anatetemeka. Wewe hukumwambia neno baya. Ulivuta kiti, ukafungua dirisha jeusi, ukaandika amri yako ya mstari mmoja, na linki zote za zile barua zikatoka zikiwa uchi, moja chini ya nyingine. Ukamwonyesha kwa kidole: neno linasema chuo, linki inaenda kwa watu wengine kabisa. Ila moja. Moja ilikuwa ya kweli, ukamjazia fomu ya hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama na karatasi za fotokopi mkononi, nikawaza, huyu ni rafiki yangu kweli? Nilijivuna siku nzima kana kwamba ni mimi niliyefanya.

Siku ile ulinikalisha ukanifundisha, na mimi nikanung'unika kwamba hakina hata picha wala kitufe. Ulisema, "Hakitaki kupendeza, kinataka kuambiwa." Kumbe maneno yalikaa.

Nikapakua barua zote za kwaya zikawa mafaili kwenye kompyuta yako. Nikafungua dirisha. Lakini jina la chombo chako likanitoka kichwani, nikaona nitumie utafutaji wa kawaida, unipe tu kila kinachoanza kama anwani ya mtandao. Zikaja nyingi! Nikapiga makofi. Nikafungua ya kwanza: haipo. Ya pili: haipo. Ya tatu, haipo. Nyasae one, Mungu wangu! Nikajua wameshafuta, mwezi haujaisha na wameshafuta, na mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama yako.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Mama wa kuuza parachichi akaniuliza kama nimefiwa tena. Nikamwambia karibu nifiwe.

Niliporudi niliziangalia vizuri, ndipo nikaona. Kila moja ilikuwa fupi mno, na mwisho wake kuna alama ya sawasawa iliyokaa peke yake. Nikasikia sauti yako kabisa, ile ya kunichoka: "Unachoona kwenye kioo ni barua iliyopigwa pasi. Faili ni barua ikiwa bado kwenye sanduku, imekunjwa." Barua pepe ikisafiri, mstari mrefu hukatwa na kuwekwa ile alama, na sehemu iliyobaki inashuka mstari wa chini. Nilikuwa nimeokota vichwa vya linki nikaacha miili. Wimbo haukuwa umefutwa. Ni mimi niliyegonga nusu ya mlango.

Na ndiyo maana ulikipenda kile chombo. Kinaikunjua barua kwanza, kinaunga kilichokatwa, ndipo kinakupa linki. Nikatafuta kwenye amri zako za zamani, maana ile kompyuta inakumbuka kila ulichowahi kuiandikia, na nikakiona hapo. Ulikuwa umekitumia mara nyingi kuliko nilivyojua. Nikakiandika hivyo hivyo ulivyokiandika, nikabonyeza.

Hee! Zilishuka kama mahindi yakimwagwa kutoka kwa gunia. Hazikuisha. Maelfu. Nikashangaa, Kemunto aliimba lini nyimbo hizi zote? Kisha nikacheka mpaka mteja akageuka. Zilikuwa ni zile Amina! Watu wa kwaya hii hawawezi kupokea barua wakanyamaza. Asiyejibu anaonekana amekasirika. Kila mtu amejibu Amina, kwa wote, na chini ya kila Amina barua yako nzima imejirudia na linki yake. Mzee Ondieki kwa wimbo mmoja amejibu Amina, kisha Amina tena, kisha "samahani, Amina". Wewe ulikuwa unasema hii kwaya hata ikitumiwa linki ya kununua mbuzi itajibu Amina.

Nikaagiza zile zinazofanana zibaki moja moja. Zikabaki nyimbo zako. Nikafungua ya kwanza, mkono kwenye mdomo, na ukaimba. Pale pale dukani, sauti ya pili, ukikohoa kidogo kabla ya kiitikio. Mteja wangu alikuwa mwalimu kutoka Nyamira, mtu wa haraka zake. Alisimama hadi ukamaliza, akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia, ni aliyenifundisha kazi.

Nilizipakua zote kabla ya akaunti kufungwa. Imefungwa sasa, wacha ifungwe. Nyimbo ziko kwenye kompyuta, kwenye flashi, kwenye simu ya kila mwanakwaya, na kila niliyemtumia nimemgombeza kwamba akibonyeza tu bila kuhifadhi nitamfuata alipo.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya hilo. Jumapili nilienda Sironga na spika ndogo. Mama yako alikuwa jikoni na majirani, wanaongea, sufuria zinagongana. Sikumwambia kitu. Nikachagua wimbo wowote, nikawasha. Kabla hujaimba kulikuwa na kelele za nyumba ile ile, sufuria zile zile, na ukasema, "Mama, nimeanza kurekodi. Usiongee kwanza."

Kemunto, mama yako alinyamaza. Aliweka mwiko chini polepole usigonge. Akawatazama majirani, akaweka kidole mdomoni. Hakuna aliyesogea. Ukaimba ubeti wote, na kiitikio, na ubeti wa pili, naye amekaa wima, machozi yanateremka, hata pua hakuivuta. Ukamaliza. Rekodi ikalia tiki, kimya. Bado hakuongea. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa kunong'ona, "Naweza kuongea sasa?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi akaongea nawe. Aliyokwambia ni yenu wawili, siyaandiki hapa. Aliongea mpaka mboga zikaungua, na hakuna jirani aliyethubutu kuzigeuza.

Pumzika, dada yangu. Ulikuwa bora kati yetu na tulijua ukiwa hai, hilo linanifariji. Ninakuahidi kitu kimoja: kila Jumapili nitapanda kwenda Sironga na ile spika, na kila wimbo ukiisha, nitamwambia aongee.

Wako,
Nyanchama